Asubuhi Darajani, jioni Ngome Kongwe: namna ya kupanga siku moja ya soko na sanaa mjini Unguja

Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi mwisho wa Februari, Unguja huwa katika kiangazi chake, na huo ndio wakati ambao watu wa Dar es Salaam, wa mashamba ya Unguja na hata wa Pemba huingia mjini kwa wingi kutafuta mambo mawili kwa siku moja: kutembea sokoni na kuona sanaa zinazofanyika chini ya anga. Mimi ni mkaazi wa mjini na nimekwisha kuwapokea ndugu na marafiki wengi kwa safari ya namna hii, na nimeona kwamba wanaorudi wamechoka na kununa si wale waliokosa pesa, bali wale waliopigana na jua. Soko la Unguja ni la asubuhi. Sanaa ya Unguja ni ya jioni na usiku. Kati yake kuna saa tano au sita za joto linalofika nyuzi 32 na zaidi, na anayejaribu kuzijaza kwa kuzunguka ovyo hufika jioni akiwa hana tena hamu ya kusikia hata zumari.

Jambo la kwanza la kuamua, kabla ya nguo na kabla ya pesa, ni namna utakavyorudi. Boti ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja huchukua takriban saa mbili, na anayepanda ile ya asubuhi na mapema huwa ameshuka katika bandari ya Malindi, hapo mjini, soko likiwa bado limechangamka. Tatizo liko upande wa kurudi, kwa kuwa boti ya mwisho ya kasi huondoka alasiri, wakati ambapo katika Ngome Kongwe, penye jukwaa la tamasha la Sauti za Busara, mafundi ndiyo kwanza wanajaribu vipaza sauti. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam ana njia mbili za kweli. Ama aje kwa ajili ya soko, maonesho ya mchana na gwaride la mitaani, kisha apande boti ya alasiri bila kinyongo, ama alale usiku mmoja na kurudi kesho yake asubuhi. Njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wangu wote, na siku za tamasha chumba kitafutwe wiki kadhaa kabla, maana nyumba za wageni za Mji Mkongwe hujaa. Anayetoka mashamba, kwa mfano Nungwi, Jambiani au Kizimkazi, hana shida ya boti, lakini ajue kwamba daladala huanza kuadimika baada ya magharibi, na teksi ya usiku wa manane ni vyema mkapatana bei yake mchana, tena na dereva mnayejuana naye.

Tiketi ya boti inunuliwe mapema, na kitambulisho kisisahauliwe, kwa kuwa jina huandikwa na hutazamwa bandarini. Februari bahari ya Mkondo wa Unguja inaweza kuwa na mawimbi ya kaskazi. Anayechafukwa na moyo baharini akae sehemu ya chini, katikati au nyuma ya boti, asafiri akiwa amekula kitu chepesi, na atafune kipande cha tangawizi.

Kuhusu tarehe, tamasha kubwa la kiangazi mjini ni Sauti za Busara, lililoanza Februari 2004 na ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi huo huo kila mwaka, jukwaa lake kuu likiwa ndani ya Ngome Kongwe. Zitazame pia tarehe za Kiislamu kabla ya kukata tiketi. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na kwa mwaka 2027 unatarajiwa kuandama mwanzoni mwa Februari. Ramadhani hubadili kila kitu mjini: mchana migahawa mingi hufungwa, kula hadharani ni kukosa adabu, na uhai wote huhamia baada ya futari. Ni mwezi mzuri sana wa kuutembelea mji huu, lakini si kwa ratiba ninayoieleza hapa.

Sasa tuingie sokoni. Jina la Darajani linatokana na daraja lililokuwa likivuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yale yalifukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Jengo la soko lilijengwa mwaka 1904, na hadi leo samaki na nyama huuzwa chini ya paa lake, huku mboga, matunda na viungo vikienea kuzunguka. Miaka ya karibuni eneo hilo limejengwa upya sehemu sehemu, kwa hiyo hata aliyewahi kufika zamani asione haya kuuliza. Fika kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Ingia upande wa samaki kwanza, hata kama hununui, kwa sababu hapo ndipo utakapoona namna soko linavyopumua.

Samaki hupangwa sakafuni wakiwa bado wanang'aa: nguru mrefu kama mkono wa mtu mzima, changu wekundu, kolekole, jodari, mitungo ya vibua iliyofungwa kwa ukindu. Dalali husimama juu yao, hutaja bei ya kuanzia, na wachuuzi humzunguka wakipandisha kwa kunyanyua kidole au kutikisa kichwa kidogo tu, kiasi kwamba mgeni anaweza kusimama pale dakika kumi asijue ni nani aliyenunua. Usiingize mkono wala kidole katika duara hilo ikiwa huna nia, kwani bei inayotajwa hapo ni ahadi. Mnunuzi wa kawaida husogea kwa mchuuzi aliyekwisha nunua, akachagua wake. Tazama jicho, liwe limejaa na angavu, si lililotumbukia na kufanya ukungu. Fungua matamvua, yawe mekundu ya damu. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba. Nyama ya samaki mbichi hurudi mahali pake, ya aliyelala hubaki na shimo.

Lakini usimnunue asubuhi ikiwa unakaa mpaka usiku. Mwaka mmoja nilimtembeza shangazi yangu aliyetoka Morogoro, na alipoona jodari wa bei nafuu hakutaka kusikia la mtu. Tulizunguka na yule samaki mpaka adhuhuri, tukaomba atunziwe katika friji ya duka moja, duka likafungwa kwa sala na chakula, na lilipofunguliwa ilibidi samaki atupwe. Shangazi alilia, si kwa pesa, bali kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwapigia simu wanawe kuwaambia anakuja na kitoweo. Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu: asubuhi ya kwanza hununuliwa vitu vikavu tu.

Na vitu vikavu ndivyo utajiri wa Darajani. Karafuu nzuri ina kichwa chake kamili. Ibane shingoni kwa ukucha na itoe mafuta, au ukiweza itie katika gilasi ya maji uone kama inazama au inasimama wima, kwani ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea ikiwa imelala. Nunua pakiti ndogo ya matumizi ya nyumbani na usishawishike kubeba magunia, kwa sababu biashara ya karafuu kwa wingi inasimamiwa na serikali kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Mdalasini uunuse mahali ulipovunjwa, si juu ya gamba. Kungumanga ichague iliyo nzito kwa umbo lake, na kama imekuja na basibasi yake nyekundu imeizunguka, bahati yako. Iliki iwe ya kijani, maganda yamefumba. Kuhusu zafarani nasema bila kuficha: haioti Unguja, na unga au nyuzi za rangi ya machungwa zinazouzwa kwa jina hilo kwa bei ya mchezo si zafarani. Ya kweli ni nyuzi nyekundu iliyokoza, hutoa rangi yake polepole katika maji ya uvuguvugu, na bei yake haiwezi kuwa ya kipakiti cha manjano.

Kupatana bei ni sehemu ya mazungumzo, na mazungumzo huanza na salamu. Mtu anayefika na kusema tu "hii shilingi ngapi?" hupewa bei ya mtu asiyejulikana. Msalimie muuzaji, muulize hali, na kama ni mzee umpe shikamoo yake. Kisha taja kitu, sikiliza bei, na uombe kupunguziwa kwa upole. Mkiafikiana, inaruhusiwa kabisa kuomba nyongeza, na muuzaji mwenye moyo hukutilia pilipili manga kidogo au ndimu mbili juu ya fungu. Kwa upande wangu sipendi kumkaba mwanamke aliyeketi na mafungu matano ya mchicha tangu alfajiri ili nipunguziwe shilingi mia mbili; huyo mlipe anachotaja.

Beba kikapu au mkoba wako mwenyewe. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na njia bora ya kulitimiza hilo ni kununua mkoba wa ukili hapo hapo sokoni na kuutumia siku nzima. Uushike kwa mwanga: msuko mzuri haupitishi mwanga mwingi, na mishono ya milia yake imekazwa sawasawa. Kwa kanga, pita katika maduka ya mitaa iliyo jirani na soko, na usome jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa. Doti ni nzuri kwa rangi, lakini aliyepewa ataisoma, na ninajua nyumba iliyokaa miezi bila maelewano kwa sababu mkwe alipelekewa kanga yenye maneno ya mafumbo iliyochaguliwa kwa maua yake tu.

Ikifika saa 5, toka sokoni. Hii ndiyo sehemu ambayo wageni hawaniamini, nami nasisitiza: kati ya saa 5 na saa 9 alasiri tafuta kivuli na ukae. Maduka mengi ya Mji Mkongwe hufungwa adhuhuri, na siku ya Ijumaa karibu mji mzima hutulia kwa ajili ya sala. Mwenye ndugu aende kwa ndugu, ale wali wa nazi na mchuzi wa samaki, alale. Asiye na ndugu anaweza kutembea dakika chache kutoka Darajani hadi Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani Barghash. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Si mahali pa kupigia picha za kutabasamu. Nampeleka hapo kila ninayemtembeza, kwa sababu nadhani anayetoka katika soko la furaha anapaswa kujua soko jingine lilikuwa wapi. Baada ya hapo, kikombe cha kahawa tungu na kipande cha kashata katika baraza yoyote yenye wazee wanaocheza bao kitakurudishia nguvu.

Jua likianza kulala, teremka Forodhani. Bustani hii ya mbele ya Ngome Kongwe ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na alasiri huwa ya watu wa mji: watoto, kina mama na buibui zao, na vijana wa makachu, yaani wale wanaokimbia na kujirusha baharini kutoka ukingoni huku wamejikunja hewani kwa mitindo yao. Maji yakiwa yamejaa, hilo peke yake ni onesho. Ukitaka kuwapiga picha waombe, na ukiwapiga nyingi watupie chochote, kwani mchezo ule umejifunzwa kwa michubuko. Kama umekuja siku ya gwaride la tamasha, utasikia beni, yaani bendi yake ya matarumbeta, kabla ya kuliona. Simama upande wenye kivuli, mkamate mtoto mkono, na uliache likupite badala ya kulikimbilia. Jengo la Beit al-Ajaib lililo jirani liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, kwa hiyo usivuke uzio wowote utakaoukuta hapo kwa ajili ya kutafuta mahali pazuri pa kuonea.

Kula kabla ya kuingia ngomeni. Bakuli la urojo linatosha: supu ya manjano yenye uchachu wa ndimu au embe, ndani yake viazi, bajia, kachori, vipande vya mishkaki, juu yake chipsi za muhogo zilizopondwa, chatini ya nazi na pilipili. Mwambie muuzaji mapema kiasi cha pilipili. Katika meza za samaki za Forodhani usiku, uliza bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa motoni, kwani kilichokwisha kuokwa ni chako. Na chagua meza ambayo wenyeji wanakula, ambayo moto wake unawaka muda wote.

Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa, mwishoni mwa karne ya 17, na kuta zake zimeona gereza na mengine kabla ya kuona wanamuziki. Watanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko wageni wa nje katika Sauti za Busara, ila kitambulisho kinatakiwa, hivyo kiwe mfukoni na si katika begi uliloliacha chumbani. Tarajia kupekuliwa mlangoni. Vaa nguo nyepesi zinazofunika mabega na magoti. Ndani ya tamasha watu huvaa wanavyopenda, lakini ili ufike huko unapita katika vichochoro ambamo watu wanaishi, wanasali na kulea watoto. Chukua kanga moja ya kukalia, maana mawe na nyasi huhifadhi joto la mchana na baadaye umande.

Tamasha hili lina sifa ya kusisitiza muziki unaopigwa moja kwa moja jukwaani, kwa hiyo usiwakimbilie nyota wa mwisho wa usiku tu. Fika mapema, wakati vikundi vya visiwani vinapofungua. Ukikiona kikundi cha kidumbak, sogea mbele utazame mikono: mpigaji mmoja ana vidumbak, yaani ngoma mbili ndogo za udongo au mti, mwingine anapiga mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha, mwingine anatikisa cherewa, fidla inalia juu yao wote, na anayetoa besi ana sanduku la mbao lenye kamba moja iliyofungwa katika kijiti, ambayo huikaza na kuilegeza ili kubadili sauti. Sanduku lile, ambalo awali lilikuwa la kusafirishia chai, linatingisha kifua kuliko spika. Wimbo wa taarabu ukipigwa, na mwanamke akainuka kwa madaha, akatembea polepole mpaka kwa mwimbaji na noti mkononi, ujue anatunza, na mara nyingine anamjibu mtu aliyeketi nyuma yako. Nawe ukiguswa na shairi unaweza kutunza. Noti ndogo inatosha, mradi utembee kwa utulivu na usimzuie mwimbaji. Katika mji wenye Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958, watu wamelelewa katika adabu hii, na mgeni anayeifuata hupokewa mara moja.

Kwa asiyeweza kuja kiangazi, kipupwe nacho kina siku zake. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, ambalo wengi huliita ZIFF, lilianza mwaka 1998 nalo limeutumia uwanja wa Ngome Kongwe kuonesha filamu chini ya nyota. Mwezi wa Julai kuna Mwaka Kogwa huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa, ambako wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kumaliza chuki za mwaka, kibanda huchomwa moto, na wanawake waliovaa kanga zao bora huimba wakipita. Hakuna tiketi. Wenyeji wanapenda kila nyumba iwe na mgeni siku hiyo, basi ukikaribishwa chakula, kaa na ule. Simama mbali na wapiganaji na usiwe upande unaoelekea moshi wa kibanda.

Usiku wa Ngome Kongwe ukiisha, tembeeni kwa pamoja kupitia njia zenye taa, simu zikiwa mifukoni, na mlale. Anayerudi Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi ambayo si ya kwanza kabisa anaweza sasa kupita Darajani alfajiri na kununua yule samaki aliyemtamani jana. Mwambie mchuuzi tangu mwanzo kwamba unavuka bahari: atampaa magamba, atamtoa matumbo, atamfunga pamoja na barafu, nawe umtie katika ndoo yenye kifuniko kinachobana, ili maji yasivuje juu ya mizigo ya abiria wenzako, na ufike nyumbani kabla barafu haijayeyuka yote.